Shajara ya mradi: marejeleo ya mapitio ya dengi na chikungunya, Pwani ya Kenya

Jumatatu, 5 Mei 2025. Chombo

Kazi iliyo mezani ni mapitio ya kimfumo ya makala kuhusu homa ya dengi na chikungunya katika Pwani ya Kenya. Timu ni watu 5: madaktari 2, muuguzi mtafiti, mkutubi, na mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii. Kompyuta 4 ni za Windows, moja ya Linux. Shajara hii haishughuliki na mbu wanaoeneza maradhi hayo. Inafuata marejeleo peke yake: yanavyoingia, yanavyokaa, yanavyotoka kwenye andiko.

Zimepimwa programu 3 za kutunza marejeleo. EndNote ni ya kulipia na haina toleo la Linux, ikatoka mapema. Mendeley ni ya bure na inatoa GB 2 za hifadhi, lakini Mendeley Desktop, ile waliyoizoea wengi, haipakuliwi tena tangu Septemba 2022. Zotero ilianza 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Tumechukua Zotero 7.

Bei siyo iliyoamua. Zotero huweka kila kitu kwenye diski ya kompyuta yenyewe, kisha husawazisha na seva mtandao ukipatikana. Nyaya za baharini za SEACOM, TEAMS na EASSy zote zinatua hapa Mombasa, lakini mvua ya Mei ikishika na stima ikipotea, ruta ya ofisini haina habari na nyaya hizo. Kazi lazima iendelee.

Kusakinisha: funga Word kwanza, sakinisha Zotero, ndipo ufungue Word. Kichupo cha Zotero kitaonekana juu. Kisipoonekana, ingia kwenye mipangilio ya Zotero, sehemu ya "Cite", usakinishe upya kijalizi cha Word ukiwa umefunga Word. Kwenye Linux, LibreOffice ilikataa kabisa mpaka Java ilipowekwa. Kwa Ubuntu na Debian kifurushi kinachokosekana ni libreoffice-java-common. Mwisho, kiunganishi cha kivinjari, Zotero Connector, kwenye Chrome au Firefox. Bila hicho utabaki kunakili kwa mkono, na hapo hakuna haja ya programu.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Folda ya data ya Zotero hukaa ndani ya folda ya mtumiaji, na ndani yake mna faili iitwayo zotero.sqlite pamoja na folda ya storage, ambamo kila kiambatisho kina kijifolda chenye jina la herufi na tarakimu 8. Folda hiyo isihamishiwe ndani ya OneDrive, Dropbox wala Google Drive. Kompyuta moja kati ya 5 ilikuwa nayo ndani ya OneDrive na imerudishwa leo. Hifadhidata huandikwa kila dakika. Huduma ya wingu huinyakua ikiwa nusu imeandikwa, na siku moja hakifunguki chochote ila ujumbe kwamba faili imeharibika. Wanaofanya hivyo hudhani wanajikinga.

Alhamisi, 8 Mei. Maktaba ya kikundi

Kikundi kimefunguliwa kwenye tovuti ya Zotero, aina ya faragha. Sababu ya faragha ni PDF: makala nyingi zina hakimiliki na haziwezi kuanikwa hadharani. Vikundi vya wazi kwa wote haviruhusu kuhifadhi faili hata kidogo.

Hifadhi ya bure ni MB 300, na faili za kikundi huhesabiwa kwa mwenye kikundi, hazigawanywi kwa wanachama. PDF ya kawaida ya makala ya tiba huwa kati ya MB 1 na 2, kwa hiyo MB 300 ni makala 150 hadi 300 tu. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Mkutubi ndiye mwenye kikundi, yeye ndiye amelipiwa. Ilipendekezwa tutumie WebDAV, njia ya kuweka faili kwenye seva nyingine, tuepuke malipo. Haiwezekani, kwa kuwa WebDAV hufanya kazi kwa maktaba ya mtu binafsi pekee, si ya kikundi.

Folda: 00 Forodha, 10 Ikisiri, 20 Andiko zima, 30 Zilizokubaliwa, 40 Zilizotolewa. Jina la ya kwanza halikuwekwa kwa mapambo. Kila rekodi inayoshuka, itoke wapi, inateremkia hapo kwanza. Haitoki mpaka ikaguliwe na mtu mmoja, na huyo ni mkutubi. Makosa karibu yote ya orodha za marejeleo huingia siku rekodi inapookotwa. Mtindo wa kuchapisha huyaonyesha tu.

Folda za Zotero si visanduku. Rekodi moja yaweza kuonekana kwenye folda 3 nayo ni ileile moja. Ukiibonyezea Delete ndani ya folda, inatoka kwenye folda hiyo tu na kubaki kwenye maktaba. Shift pamoja na Delete ndiyo huipeleka kwenye pipa la taka. Pipa nalo hujisafisha baada ya siku 30 usipobadili mipangilio. Kujua rekodi iko kwenye folda zipi, ichague kisha ushikilie Ctrl kwenye Windows, au Alt kwenye Linux. Folda zinazohusika zitang'aa.

Jumanne, 13 Mei. Utafutaji

Mstari uliokubaliwa wa kutafutia kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba:

(dengue OR chikungunya) AND (Mombasa[tiab] OR Kilifi[tiab] OR Malindi[tiab] OR Lamu[tiab] OR Kwale[tiab] OR "Taita Taveta"[tiab] OR "Tana River"[tiab] OR "Coast Province"[tiab] OR "coastal Kenya"[tiab])

Mambo mawili hapa yalizua mabishano. La kwanza ni [tiab], yaani tafuta kwenye kichwa, ikisiri na maneno muhimu ya waandishi tu. Bila alama hiyo, PubMed hutafuta hata kwenye anwani za waandishi, na mtafiti aliyeko Mombasa akiandika juu ya dengi ya nchi nyingine ataingia wavuni. Ubaya wake ni kwamba rekodi za zamani sana mara nyingi hazina ikisiri, kwa hiyo mstari wa pili, usio na alama, umeendeshwa kwa makala za kabla ya 1980 peke yake.

La pili ni "Coast Province". Kaunti zilianza kazi 2013. Makala za nyuma ya hapo hutaja mkoa. Anayetafuta kwa majina ya kaunti tu hupoteza sehemu kubwa ya historia. Hatukuweka mpaka wa mwaka, kwa sababu mlipuko wa dengi wa Malindi na Kilifi wa 1982 ndio mwanzo wa maandishi mengi, kisha kuna chikungunya ya Lamu na Mombasa ya 2004, dengi ya Mombasa ya 2013, na chikungunya ya Mombasa ya 2017 hadi 2018.

Kwa ripoti za Kiswahili kutoka ng'ambo ya mpaka limeongezwa neno kidingapopo, kwa kuwa Tanzania ndivyo wanavyoiita dengi. Wapo wanaosema neno dengue lenyewe lilitoka kwetu, kidinga pepo, likazunguka dunia na kurudi limevaa suti.

Kutoa rekodi PubMed: "Send to", kisha "Citation manager", chagua matokeo yote. Inashuka faili ya .nbib. Ukomo ni rekodi 10,000 kwa mara moja, hautuhusu. Kwenye Zotero: "File", "Import", chagua faili. Programu itaitengenezea folda mpya. Hiyo ikaburutwa ndani ya Forodha. Njia ya .nbib ni bora kuliko kubofya kiunganishi ukurasa hadi ukurasa, kwa sababu inaleta PMID (namba ya makala kwenye PubMed), vifupisho vya majarida na ikisiri kwa pamoja.

Majarida mengi ya Afrika hayamo PubMed. African Journals Online, iliyopo tangu 1998, imepitiwa kwa kiunganishi, makala moja moja, na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani, imetumika kufungulia majarida ya kulipia. Rekodi iliyopitia lango la taasisi ikaguliwe uga wa URL: kiungo cha lango hakimfungukii msomaji wa nje.

Google Scholar imetumika kuvumbua, si kuokota. Ukichukua rekodi moja kwa moja kutoka orodha yake, waandishi hukatwa, DOI (namba ya kudumu ya makala) haipo, na ukichukua nyingi kwa haraka inakuuliza kama wewe ni roboti. Bofya hadi ukurasa wa mchapishaji, okota hapo. Au nakili DOI na uibandike kwenye kitufe cha fimbo ya mchawi juu ya Zotero. Kinapokea DOI, PMID na ISBN, hata kadhaa kwa mkupuo.

Jumatano, 21 Mei. Forodha

Siku 6 zimekwenda hapa, na ndizo siku zenye faida kuliko zote. Ukaguzi wa rekodi moja ni dakika 3 hadi 5. Yanayoangaliwa ni aina ya rekodi, waandishi, kichwa, jarida, mwaka, juzuu na kurasa, DOI au PMID. Yaliyopatikana yameandikwa kwa kirefu ili anayefuata asirudie.

Waandishi ambao ni taasisi. Uga wa mwandishi wa Zotero una sura mbili: jina la ukoo na jina la kwanza vikiwa mbali, au jina moja zima. Shirika la Afya Duniani likiingia kwa sura ya kwanza, mtindo wa Vancouver, ule wa marejeleo ya namba unaotumiwa na majarida ya tiba, hulichapa "Organization WH". Wizara ya Afya hutoka "Health M of". Makosa haya yamejaa hata kwenye majarida makubwa. Dawa yake ni kubofya kijitufe kilicho pembeni mwa jina ili nafasi mbili ziwe moja, kisha kuandika jina lote. Mtindo hautaligusa.

Majina yetu sisi. Hifadhidata za kigeni huchukulia neno la mwisho kuwa ukoo, lakini mtu wa Pwani mara nyingi hana ukoo wa namna hiyo. Ana jina lake, la baba na la babu. Fulani bin Said ameonekana kwa sura 3 kwenye rekodi zetu: "Said FB", "bin Said F" na "Binsaid F". Kanuni tuliyoweka: fungua PDF, fuata alivyojiandika mwenyewe kwenye makala hiyo, na kama ana ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti), linganisha na hapo. Hatusawazishi majina kati ya makala tofauti za mtu mmoja. Orodha ya marejeleo inamwelekeza msomaji kwenye makala, na makala itapatikana kwa jina lililochapwa juu yake.

Majina ya bara yenye ng' yana shida yake. Ng'ang'a ameingia na kibainishi kilichonyooka, na kilichopinda, na mara moja akiwa na msururu wa alama na tarakimu katikati ya jina kwa sababu tovuti ilitoa msimbo badala ya herufi. Hurekebishwa kwa mkono. Hakuna kijalizi cha kuaminika kwa hili.

Vichwa vya makala. Vancouver hutaka herufi kubwa mwanzoni mwa kichwa na kwa majina maalumu tu. PubMed hutoa hivyo, lakini kurasa za wachapishaji wengi hutoa Kila Neno Kwa Herufi Kubwa. Zotero yaweza kubadili kutoka ndogo kwenda kubwa wakati wa kuchapa, si kinyume chake kwa uhakika, maana haijui Mombasa ni mji au ni neno la kawaida. Kwa hiyo hifadhi kwa herufi ndogo daima: bofya kulia juu ya kichwa, "Transform Text", "Sentence case", kisha pitia kwa jicho na urudishe Kenya, Lamu, na Aedes (jina la kisayansi la mbu). Majina ya kisayansi huwekewa mlazo hivi: <i>Aedes aegypti</i>. Alama hizo huandikwa ndani ya kichwa chenyewe na mtindo huzitii.

Kurasa. Majarida ya mtandaoni tu hayana ukurasa wa 12 hadi 19. Yana namba ya makala inayoanza mara nyingi na e. Hiyo ndiyo huandikwa kwenye uga wa kurasa. Msifute mkidhani ni kosa, kama ilivyotokea kwa rekodi 4 wiki hii. Makala zilizotangulia kuchapwa mtandaoni kabla ya kupewa juzuu zimewekewa lebo "bado-juzuu", zitaangaliwa tena kabla ya kutuma.

Ripoti na miongozo ya wizara. PDF ikishushwa kutoka tovuti ya serikali, huingia ama kama ukurasa wa wavuti ama kama PDF pweke isiyo na rekodi mama. PDF pweke haiwezi kurejelewa. Bofya kulia, tengeneza rekodi mama, badilisha aina iwe ripoti, jaza taasisi, mji na mwaka.

PDF za kuchanganuliwa (scan). Makala za zamani za East African Medical Journal zimekuja kama picha za kurasa. Zotero hutambua PDF kwa kusoma maandishi ya kurasa za mwanzo. Pasipo maandishi hakuna cha kusoma, na hata utafutaji wa ndani hauoni kitu. Zimepitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi, OCRmyPDF, ambayo hutandaza maandishi chini ya picha bila kuibadili. Tatu zilizochanganuliwa zikiwa zimepinda zimegoma.

Makala zilizobatilishwa. Tangu 2019 Zotero hulinganisha maktaba na kumbukumbu za Retraction Watch, na rekodi iliyobatilishwa hupata alama nyekundu. Ukijaribu kuirejelea unaonywa. Ili kujua kama onyo hili linafanya kazi kwenye kompyuta zote, tumeingiza makusudi ile makala ya The Lancet juu ya hydroxychloroquine iliyotoka Mei 2020 na kuondolewa Juni 2020. Alama imetokea kote, rekodi ikafutwa. Ulinganishaji huu hutegemea DOI au PMID. Rekodi isiyo na hata moja haina mlinzi, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kung'ang'ania namba hizo.

Jumatatu, 26 Mei. Pacha

Makala moja kutoka PubMed, Hinari na kwa mchapishaji huwa rekodi 3. Folda ya "Duplicate Items" huzikusanya kwa kulinganisha kichwa, DOI na ISBN, halafu mwaka usiopishana zaidi ya mmoja na walau mwandishi mmoja anayefanana. Ukibofya moja, kundi lake lote huchaguliwa. Unachagua rekodi ya msingi na kwa kila uga unaamua thamani ipi ibaki.

Kabla ya kuunganisha hata moja, idadi ya rekodi kwa kila chanzo imeandikwa kwenye Excel. Mchoro wa PRISMA 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio ya kimfumo, una kisanduku cha rekodi zilizoondolewa kwa kurudiwa, na ukishaunganisha, Zotero haikupi hesabu ya zilizokuwapo. Anayeanza na usafi kabla ya hesabu atarudia utafutaji wote.

Unganisha, usifute. Rekodi zikiunganishwa, ile iliyobaki hukumbuka zilizomezwa, na andiko la Word lililokuwa limerejelea pacha iliyomezwa bado litaipata. Ukifuta pacha kwa mkono, andiko hubaki na rejeleo lisilo na mwenyewe.

Zotero haioni pacha wote. Toleo la awali lililowekwa medRxiv kabla ya uhakiki na makala iliyochapwa baadaye ni aina mbili tofauti za rekodi, na rekodi za aina tofauti haziunganishwi. Tumeziacha zote mbili, zikahusianishwa kwenye sehemu ya "Related", na toleo la awali likapelekwa folda 40 pamoja na sababu. Kuna pia pacha wa uongo: ripoti mbili za mlipuko mmoja, kichwa kinakaribiana, waandishi walewale, mwaka uleule, lakini moja ni ya maabara na nyingine ya jamii. Asiyezifungua angeziunganisha. Ndiyo maana kitufe cha kuunganisha hubonyezwa na mtu aliyefungua PDF zote mbili.

Jumanne, 3 Juni. Usomaji wa ikisiri

Kazi hii imekwenda haraka kuliko tulivyotarajia, ikaisha kabla ya Idi. Lebo 3 za rangi: 1 ingiza, 2 toa, 3 shaka. Zotero huruhusu lebo za rangi hadi 9, na tarakimu yenyewe kwenye kibodi huweka au kuondoa lebo, kwa hiyo mkono mmoja uko kwenye mshale wa chini na mwingine kwenye namba. Ubaya: kwenye maktaba ya kikundi kila mmoja huona lebo za mwenzake, na uamuzi wa wasomaji wawili unatakiwa uwe wa siri. Msomaji wa pili alipewa nakala ya folda kwenye maktaba yake binafsi. Kwa mapitio makubwa kuliko haya tumia Rayyan, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Jambo la usalama: muuguzi alikuwa ameanza kuandika madokezo yenye namba za wagonjwa kutoka daftari la wodi ili alinganishe na makala. Yameondolewa. Madokezo ya Zotero husawazishwa hadi seva za nje, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitofautishi dokezo na faili rasmi. Taarifa za wagonjwa hazina nafasi kwenye maktaba ya marejeleo.

Nakala ya akiba: kila Ijumaa, Zotero ikiwa imefungwa, folda nzima ya data hunakiliwa kwenye diski ya nje. Kusawazisha si akiba. Mtu akifuta kwake, kusawazisha hufuta kwa kila mtu, tena kwa bidii.

Alhamisi, 12 Juni. Andiko

Mtindo uliochaguliwa ni Vancouver wenye namba kwenye mabano. Kuna pia wa namba za juu, na huitwa kwa jina lake. Huorodhesha waandishi 6 wa kwanza kisha et al. ikiwa wamefika 7 au zaidi. Kwenye mapendeleo ya andiko imewekwa alama ya kutumia vifupisho vya majarida vya MEDLINE, na East African Medical Journal imetoka East Afr Med J ilivyotakiwa. Ukiweka alama hiyo, ulichoandika mwenyewe kwenye uga wa kifupisho hupuuzwa. Watu wawili walipoteza asubuhi nzima wakirekebisha uga ambao hausomwi.

Tatizo kubwa la wiki: makala moja imetokea kwenye orodha kama namba 7 na pia 19, herufi kwa herufi. Chanzo ni kwamba daktari mmoja alirejelea kutoka kikundi na mwingine kutoka maktaba yake binafsi. Rekodi ikiburutwa kutoka maktaba moja kwenda nyingine, huzaliwa rekodi mpya yenye utambulisho wake. Kwa Zotero hizo ni makala mbili. Kuunganisha haiwezekani kuvuka maktaba. Kuitafuta: bofya rejeleo ndani ya Word, "Add/Edit Citation", kisha bofya kiputo cha jina la makala, itaonyeshwa iko maktaba ipi. Futa ile ya binafsi, weka ya kikundi. Marejeleo 11 yamerekebishwa hivyo. Kuanzia leo ni marufuku kurejelea kutoka kwingine isipokuwa kikundi.

Mengine, kwa ufupi. Usiandike kwa mkono ndani ya orodha ya mwisho. Ukibonyeza "Refresh" yote yanafutika, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Kosa lirekebishwe kwenye rekodi. Ukiona maandishi marefu yenye ADDIN ZOTERO_ITEM badala ya namba, hakuna kilichoharibika: bonyeza Alt na F9. Aya iliyotumwa kwa WhatsApp na kubandikwa kwenye andiko huja na namba mfu, zinaonekana sawa lakini hazijiongezi wala kujipunguza. Bofya juu yake; isipogeuka kijivu, imekufa. Andiko likianza kuwa zito, ondoa alama ya kusasisha marejeleo yenyewe, usasishe kwa mkono mwisho wa siku.

Andiko lisihamishwe kati ya Word, LibreOffice na Google Docs kwa kulifungua tu upande wa pili. Tumia "Switch to a Different Word Processor" kwenye mapendeleo ya andiko, hifadhi, ndipo ufungue kule. Tengeneza nakala kwanza. Mwenye Linux alisahau hatua hii mara moja, na marejeleo ya sura ya mbinu yakawa maandishi matupu. Yamewekwa upya kutoka nakala ya Jumatano.

Kisha majedwali. Jarida tunalolengea hutaka majedwali yakae mwisho wa faili. Zotero huhesabu kwa mpangilio wa faili, hivyo makala zilizotajwa ndani ya Jedwali 1 pekee zikapata namba za mwisho kabisa. Maelekezo ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, yanataka zihesabiwe pale jedwali linapotajwa kwa mara ya kwanza ndani ya matini. Suluhisho ni kuweka marejeleo hayohayo kwenye sentensi inayotaja jedwali. Namba zinajipanga zenyewe.

Ijumaa, 20 Juni. Kabla ya kutuma

Orodha imechapwa kwenye karatasi na kusomwa na mtu asiyeshiriki kuandika, rula mkononi, rejeleo kwa rejeleo. Kioo cha kompyuta huficha nukta mbili zilizogeuka nukta. Yamepatikana 5: herufi kubwa 2 zilizoponyoka, mlazo uliosahaulika wa Aedes, ripoti moja isiyo na mji, na mwaka wa mtandaoni ulioandikwa badala ya mwaka wa juzuu. Yote yamerekebishwa kwenye maktaba, si kwenye andiko.

Lebo "bado-juzuu": zilikuwa 6, sasa 4 zina juzuu na namba. Mbili zinabaki na DOI tu.

Faili imenakiliwa. Kwenye nakala, "Unlink Citations" imebonyezwa ili namba ziwe maandishi ya kawaida. Hiyo ndiyo inayotumwa. Faili hai imebaki kwa jina la tarehe, maana wahakiki watakaporudisha maswali, rejeleo moja likiongezwa katikati namba zote zinazofuata zitasogea, na kwenye faili iliyofungwa hazisogei.

Yaliyobaki: PDF 3 zilizopinda zichanganuliwe upya kutoka nakala ya karatasi ya maktaba, zamu ya Forodha ihame kutoka kwa mkutubi kwenda kwa mwanafunzi kuanzia Julai, baada ya kukaa pamoja siku 2, folda 40 isifutwe mpaka jarida lijibu.